Nywele za Chini ya Sikio

Pata-pata-pata-pata.

Heledd alifumbua macho gizani akasikiliza. Yalikuwa masikio ya mbwa yakipigapiga kichwa, kama kitambaa kibichi kinachokung'utwa, na baada yake mlio mdogo wa kibati cha shingoni kikigonga bakuli la maji. Kimya kidogo. Kisha Cochyn akalia, kilio kimoja kifupi, chembamba, na sauti ya mwanamume ikasema chini chini, "Nyamaza, bwana. Nyamaza, utawaamsha."

Alipapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka ilikuwa baridi.

Alishuka ngazi bila viatu, akaruka ile ya tatu kwa kuwa hulia ikikanyagwa. Kwa nini alikuwa akinyata ndani ya nyumba aliyozaliwa, hakujiuliza. Chini ya mlango wa jikoni palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Alipofika ngazi ya mwisho, mstari ule ukazimika.

Aliwasha taa. Deiniol alikuwa amepiga magoti kwenye vigae karibu na mlango wa nyuma, amevaa koti la kazi juu ya fulana ya kulalia. Mkono wake ulikuwa ukitoka mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Alitaka kutoka nje."

"Mbona mlango umefungwa?"

"Ndiyo nilikuwa naufungua."

Cochyn alikuwa chini ya meza, mkia umebanwa, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza umbeya. Alikuwa mbwa wa aina ya spanieli wa Wales, wa kweli kweli, mweupe mwenye mabaka mekundu ya kutu, masikio yamejaa nywele za mawimbi. Heledd alitazama sakafu. Kando ya goti la Deiniol palikuwa na kishungi cha nywele nyekundu, kiasi cha kidole gumba. Deiniol aliona kwamba amekiona. Akasogeza goti, akakifunika.

"Nikuwekee chai?" akauliza.

"Nachelewa kazini," Heledd akasema, ingawa ilikuwa saa kumi na nusu na zamu yake ilianza saa kumi na mbili.

* * *

Nyumba ilikuwa ya mama yake, Lowri, ambaye Nanw, binti wa Heledd wa miaka sita, alimwita Nain, kama watoto wote wa upande ule wa milima wanavyowaita bibi zao. Katika kabati la kioo sebuleni mlikuwa na vikombe saba vya fedha ambavyo marehemu mume wa Lowri alishinda kwa mbwa wake kwenye maonyesho ya kijiji, na maonyesho ya mwaka huu yalikuwa Jumamosi, siku mbili mbele. Lowri alikuwa na sheria moja tu kuhusu mbwa, nayo alikuwa ameirithi pamoja na vikombe: mkasi haugusi masikio ya spanieli wa nyumba hii.

Mwezi wa sita, nyasi zilipoanza kukauka shambani, Deiniol alijaribu. Wakati huo alikuwa na miezi minne tu tangu ahamie kwa Heledd, na bado alikuwa akiomba ruhusa ya kufungua jokofu.

"Mama Lowri, walau zile za chini ya sikio. Hazionekani hata na waamuzi. Zinazoa kila kitu kule shambani."

"Wewe jenga kuta," Lowri alimjibu. "Mbwa niachie mimi."

Deiniol alijenga kuta. Ndiyo kazi yake, kuta za mawe zisizo na saruji, zile zinazogawa malisho ya kondoo mlimani. Hakusema tena.

Alhamisi hiyo jioni walikaa mezani, mchuzi wa nyama na viazi ukitoa mvuke. Nanw aliketi juu ya mkono wake mmoja, na kwa ule mwingine akawa anahangaika na kijiko, mchuzi ukidondokea kitambaa.

"Angalau leo umeshika kijiko kwa mkono wa watu," Lowri akasema akicheka. "Siku zote unakula kikombokombo."

Nanw hakucheka. Cochyn alipita karibu na kiti chake na mtoto akainua miguu juu, haraka, kama maji yamepita chini.

"Wiki nzima mtoto huyu hajamgusa mbwa," Lowri alisema, safari hii akimtazama binti yake. "Wiki nzima. Yeye aliyekuwa akilala naye kwenye kikapu. Wewe hulioni hilo, Heledd?"

"Ninaliona, Mama."

"Kuna kitu ndani ya nyumba hii."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Deiniol aliingia na vumbi la mawe hadi kwenye nyusi, akavua buti zake juu ya gazeti kama alivyofundishwa. "Habari za humu," alisema. Akamwona Cochyn, akainama, akamnyooshea mkono. "Vipi, mzee mwekundu? Unaendeleaje?"

Vidole vyake havijafika vizuri kwenye nywele mbwa akapiga ukelele. Akarudi nyuma akijikwaa, akagonga mguu wa meza, akaenda kujibanza nyuma ya sketi ya Lowri. Pata-pata-pata, masikio.

Mkono wa Deiniol ulibaki hewani.

Lowri akamwita mbwa taratibu, akamwekea kiganja mgongoni, na Cochyn akatulia kama mtoto wa kanisani. "Huyu mnyama anamjua mtu," Lowri alisema, kama alivyosema mara nyingi. "Baba yake Heledd alikuwa akisema hivyo, na hakukosea hata mara moja. Mtu mwenye ubaya ndani yake, mbwa humjua kabla yetu."

"Mama!"

"Nimemtaja nani? Sijamtaja mtu."

Nanw aliteremka kwenye kiti, akapanda juu bila kumaliza chakula.

* * *

Heledd alimkuta ndani ya beseni la kuogea, maji yamefika kifuani, mikono yote miwili imezama. Alikunja mikono ya blauzi akaanza kumsugua mgongo. Kwanza alikuwa akitafuta alama, na alijiona akizitafuta. Hapakuwa na alama.

"Nanw."

"Ee."

"Deiniol amewahi kukupiga?"

"Hapana."

"Kukusukuma? Kukufokea mimi nisipokuwepo?"

"Hapana, Mama."

"Amempiga Cochyn?"

Mtoto alitazama bomba la maji. "Sijui."

"Kwa nini humgusi Cochyn tena, kipenzi? Niambie mimi. Sitakasirika."

"Ni siri."

Heledd aliacha kusugua. "Siri ya nani? Nani kakwambia ni siri?"

"Yangu," Nanw alisema, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, na hapo hata angeulizwa na askari asingejibu tena.

Heledd alimfunga taulo, akamlaza, akamsomea kurasa mbili za kitabu bila kusikia alichosoma. Kisha akashuka, akalichukua koti la kazi la Deiniol kwenye msumari, akatia mkono mfukoni. Alitoa kipimio cha futi, penseli, na mkasi mdogo wenye ncha butu. Kati ya meno ya mkasi palikuwa na nywele nyekundu.

Deiniol alikuwa nje uani akinoa patasi. Alipouona mkasi, aliweka patasi chini.

"Nieleze," Heledd akasema.

"Nilikuwa nampunguza zile za ndani. Anatikisa kichwa siku ya saba leo. Sikio lake linanuka, Heledd. Nilijaribu kuangalia, akalia."

"Usiku? Gizani? Unazima na tochi?"

"Mama yako angeniona mchana angenitoa na mkasi wangu. Na Jumamosi ndiyo maonyesho."

"Kwa hiyo mimi nikikuuliza, unaniambia anataka kutoka nje."

"Nilikosea hapo."

"Unakosea vizuri sana. Bila hata kupepesa macho."

Aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, na Heledd, bila kukusudia, akarudi hatua moja nyuma. Deiniol aliiona hatua ile. Hiyo ndiyo iliyomuumiza, zaidi ya maneno yote.

"Unaniuliza kama nampiga mbwa," alisema polepole, "au unaniuliza kama nampiga mtoto?"

Heledd aliugeuza mkasi mkononi.

"Haya. Mpeleke Cochyn kwa daktari. Mimi nitalala kwa rafiki yangu Idwal mpaka upate jibu lako."

Lowri ndiye aliyeshika mlango. Buti za Deiniol alikuwa ameshazitia kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, pamoja na gazeti lenye tope, akampa mfuko ule kwa vidole viwili.

"Usiku mwema, Mama Lowri," Deiniol alisema.

Lowri alifunga mlango. Kutoka dirisha la juu, nyuma ya pazia, Nanw aliliona gari dogo la mizigo likirudi nyuma hadi barabarani, na taa zake zikapotea nyuma ya kanisa.

* * *

Daktari wa wanyama alikuwa mji wa chini, karibu na daraja. Ijumaa asubuhi, Heledd alipoingia na Cochyn, Lowri na Nanw nyuma yao, chumba cha kungojea kilikuwa na watu wawili: mzee mwenye kuku kwenye boksi, na mke wa mwenye shamba la juu, akiwa na paka. Ni kwenye shamba lile ambako Deiniol alikuwa akijenga ukuta.

"Jina la mnyama?" aliuliza msichana wa mapokezi.

"Cochyn."

"Sababu ya kuja?"

Heledd aliinama juu ya meza. "Ningependa kumweleza daktari mwenyewe."

"Lazima niandike kitu hapa."

"Nadhani..." Aliteremsha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo na paka alikuwa kimya. "Nadhani kuna mtu anampiga."

Msichana akaandika. Mke wa mwenye shamba alilitazama bango la minyoo ukutani kwa makini sana, kama aliyeambiwa atahojiwa juu yake. Hakuuliza ni nani. Kijiji kizima kilijua nani anaishi na nani. Alitoa simu kwenye mkoba.

Heledd alipoitwa ndani na Cochyn, Lowri alibaki na Nanw pale kwenye viti kwa muda, kisha akashindwa kuvumilia, akamwacha mtoto na mzee wa kuku akawafuata ndani.

Daktari, mama wa makamo aitwaye Esyllt, alimweka Cochyn mezani. Alibonyeza mbavu moja moja. Alimkunja miguu, akamfunua midomo, akapitisha vidole mgongoni hadi mkiani. Cochyn alitikisa mkia.

"Mbwa aliyepigwa siku nyingi hujificha mkono ukipanda juu yake," alisema. "Tazameni." Aliinua mkono juu ya kichwa cha mbwa. Cochyn akaulamba. "Sioni kipigo hapa. Anamkimbia mtu fulani?"

"Mtu mmoja tu," Lowri alisema upesi.

Esyllt alishika sikio la kushoto, akalifunua, akachungulia kwa taa. Safi. Akazunguka, akashika la kulia.

Ukelele ule ule. Miguu ya Cochyn ikateleza mezani, na Heledd akamkumbatia shingo kwa nguvu. Harufu ikawafikia wote watatu, harufu nzito tamu ya kitu kilichochacha.

"Aa," Esyllt akasema. "Ndiyo wewe."

Walimchoma sindano ya usingizi. Msichana wa mapokezi aliingia na karatasi ya kutiwa sahihi, pauni mia tatu na kumi na mbili, na Lowri akafungua mkoba wake kabla Heledd hajaisoma. Daktari aliingiza koleo jembamba ndani ya sikio, kina ambacho Heledd hakudhani sikio linacho, akavuta taratibu. Kilichotoka akakiweka kwenye pamba: mbegu ya nyasi, yenye mkia mrefu na vijinywele vikali vinavyoelekea upande mmoja. Akarudi tena, akatoa ya pili.

"Hizi huingia tu, hazijui kurudi. Kila akitikisa kichwa zinazidi kwenda ndani. Hii kubwa imebakiza kidogo kutoboa ngoma ya sikio. Siku tatu nyingine mngekuwa na mbwa kiziwi upande huu." Alianza kusafisha. "Spanieli huja kwangu hivi kila mwezi wa nane. Nywele za chini ya sikio ni kama ufagio. Punguzeni zile, wakitoka kwenye nyasi wakagueni masikio na katikati ya vidole, na wakiogelea mkaushe ndani. Kazi ya dakika tano."

"Wanahitaji nywele zao kwa maonyesho," Lowri alisema, lakini sauti haikuwa na mifupa.

"Za nje, mama. Hizi za ndani nani anazitazama?" Esyllt aliinua sikio wazione. "Na kuna mtu anajua. Ameshaanza kukata hapa, kwa uangalifu kabisa, bila kumgusa ngozi. Ila hakumaliza. Ni nani?"

Heledd aliukumbuka mkasi mdogo wa mfukoni.

"Nilimchana juzi," Lowri alisema, akitazama chini. "Nilipofika upande huo alininyang'anya kichwa, akanikoromea. Mimi. Nikasema, tazama, kashafundishwa woga. Sikumwambia mtu."

"Lakini mbona alimkimbia yeye tu?" Heledd aliuliza. "Mimi namshika kichwa kila siku."

"Simama mbele yake. Mshike kama umshikavyo."

Heledd alisimama mbele ya mbwa aliyelala. Alinyoosha mkono. Mkono wake wa kulia ukatua kwenye sikio la kushoto.

"Na huyo mwingine," Esyllt aliuliza, "anatumia mkono gani?"

Heledd alimwona Deiniol akishika kikombe. Akamwona akishika nyundo. Akauona mkono ule uliobaki hewani jana jikoni, na akajua ni upi: wa kushoto. Kwa lugha yao ya Wales kushoto na kombo ni neno moja, na watu hawalifikirii wanapolisema.

Alikaa kwenye kiti cha daktari bila kukaribishwa.

* * *

Ukuta ulikuwa umebomoka mahali ambapo malisho yanaanza kupanda. Deiniol alikuwa peke yake, kamba ya kunyooshea imefungwa kati ya fito mbili, akiokota jiwe, akiligeuza, akilirudisha, akiokota jingine. Aliliona gari. Hakuacha kazi.

Lowri alibaki ndani ya gari na Cochyn, ambaye alikuwa amelala nusu usingizi, koni ya plastiki imemzunguka kichwa kama taa ya mezani. Nanw alishuka nyuma ya mama yake, mikono mifukoni.

"Mwenye shamba kanipigia saa nne," Deiniol alisema kabla Heledd hajafungua kinywa. "Mkewe alikuwa kwa daktari. Kaniuliza kama ni kweli."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nimesema mwulize Heledd, yeye ndiye anayesema."

"Nitapita kwake sasa hivi. Nitamwambia mbele ya mkewe."

"Mwambie." Aliweka jiwe, akaligonga mara mbili likakaa. "Na daktari?"

Heledd alifungua kiganja. Alikuwa amezibeba zile mbegu mbili ndani ya kipande cha pamba. Deiniol alizitazama muda mrefu.

"Nilijua kuna kitu," alisema.

"Ulijua. Mimi ndiye sikujua. Nilikaa na wewe meza moja nikakutilia shaka." "Niliogopa, Deiniol. Mtoto alinyamaza, mbwa analia, wewe uko gizani na mkasi. Sisemi nilikuwa na haki. Nasema niliogopa."

"Ulirudi nyuma."

"Nilirudi."

"Hiyo ndiyo siiwezi. Maneno ya mama yako nayaweza."

Mlango wa gari ulifunguka. Lowri alitembea kwenye majani kwa viatu vyake vya mjini, akashika ukuta kupumzika. Mkononi alikuwa na mkasi wenye ncha butu. Hakusema samahani, kwa sababu hakuwa na mazoezi nayo.

"Umekata upande mmoja ukauacha," alisema. "Mbwa anaonekana kama kikaragosi. Njoo umalizie."

"Na maonyesho?"

"Maonyesho hayana mbwa wa kwetu mwaka huu."

Deiniol alimtazama, akamtazama Heledd, akavua glavu. Hakuupokea mkasi. Lakini hakuigeukia kazi yake pia.

"Atanikimbia," alisema. "Anamjua mtu, si ndivyo?"

"Hajui lolote," Lowri akasema.

"Hakuchukii," Heledd alisema. "Lilikuwa ni sikio tu. La kulia. Sisi tukimshika mkono unatua upande mzima, wako unatua kwenye kidonda. Basi. Ni kwa sababu unatumia kushoto."

Nanw alikuwa ameegemea mawe, akisikiliza. Sasa akamvuta mama yake sketi.

"Kwa hiyo hakumkimbia kwa ubaya?"

"Ubaya gani, kipenzi?"

"Ule Nain aliosema. Wa ndani."

Heledd alimtazama binti yake, mtoto aliyekaa wiki nzima juu ya mkono mmoja. Upepo uliyalaza majani yote upande mmoja. Nanw aliutoa mkono mfukoni, akauangalia kiganja na nyuma yake, kisha akauinua ili Deiniol auone.

"Hata mimi Cochyn alinikimbia," alisema. "Natumia mkono wa kushoto."